Kiti, Nguzo na Dhamana: Istilahi za Karatasi ya Baiskeli

Mwananchi anunuapo baiskeli mpya hukabidhiwa, pamoja na baiskeli yenyewe, karatasi iliyokunjwa mara mbili au tatu. Upande mmoja wa karatasi hiyo yameandikwa maelezo ya kuitunza baiskeli, na miongoni mwa maelezo ya kwanza ni namna ya kuweka kiti kulingana na urefu wa mpandaji. Upande wa pili yameandikwa mambo ambayo muuzaji au mtengenezaji ameahidi kuyatimiza iwapo kipuri fulani kitaonekana kina kasoro. Mara nyingi karatasi hiyo huwa imeandikwa kwa lugha ya kigeni. Mara nyingine huwa imetafsiriwa kwa Kiswahili, na hapo ndipo kazi yetu inapoanza.

Watafsiri wengi huiona kazi ya namna hii kuwa ndogo. Mtu aliyezoea kutafsiri mikataba na sheria huenda akaona haya kukaa mezani siku nzima kwa ajili ya nati na boliti. Lakini mkataba husomwa na mawakili, ambao wana nafasi ya kuulizana. Karatasi ya baiskeli husomwa na mtu mmoja aliyesimama pembeni mwa barabara na spana mkononi. Neno likimpoteza hana wa kumwuliza, na kosa lake laweza kumwangusha mteremkoni au kumnyima haki yake dukani.

Katika makala haya tumechagua kuitazama karatasi hiyo tukiwa Makere, wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, katika barabara iendayo Kibondo. Huko nyanda za juu baiskeli si chombo cha matembezi. Hubeba mikungu ya ndizi, magunia ya maharage na mihogo, madumu ya maji, mkaa, mbao, na mara nyingine mgonjwa. Aidha Makere ni mahali ambapo semi nyingi hukutana. Wenyeji ni Waha. Na kambi ya Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996, imewaleta jirani watu kutoka Kongo na Burundi. Ndugu atokaye mashariki ya Kongo aweza kuiita baiskeli *kinga*, hali mwanafunzi wa Kasulu amefundishwa kuwa kinga ni kizuizi cha maradhi. Ukimwambia wa kwanza "tunza kinga yako" atatazama matairi. Ukimwambia wa pili atafikiria chanjo. Istilahi itakayoeleweka mahali kama hapo tunaweza kuitumaini kwingineko.

Hata wahandisi wameliona jambo hili. Shirika la Kimataifa la Viwango lilipoupanga upya mwaka 2014 waraka wake namba 4210, unaohusu usalama wa baiskeli, sehemu yote ya kwanza iliwekwa kwa ajili ya istilahi na fasili zake. Vipimo vya breki, fremu na magurudumu vilifuata baadaye. Sababu ni wazi: watu hawawezi kukubaliana juu ya kipimo cha kitu ambacho hawajakubaliana juu ya jina lake.

1. Nguzo na bomba

Tuanze na shauri tulilolikuta Makere kwa fundi mmoja wa barabarani. Mkulima mmoja alikuwa amenunua baiskeli mpya mjini, na baada ya miezi minne ile sehemu ya fremu inayoshika kiti ilipasuka mdomoni. Alirudi dukani na karatasi yake. Karatasi ilisema kwa Kiswahili kwamba *fremu* ina dhamana ya mwaka mmoja, na *paipu ya siti* ina dhamana ya miezi mitatu. Muuzaji alisema kilichopasuka ni paipu ya siti, na miezi mitatu imepita. Mkulima alisema kilichopasuka ni fremu, na mwaka haujaisha. Walibishana mpaka duka likafungwa.

Hatumtaji muuzaji huyo, wala hatusemi kuwa alikusudia kudanganya. Wote wawili walisoma Kiswahili kile kile, na kila mmoja alikisoma sawasawa. Katika lugha ya karakana vitu viwili huitwa paipu ya siti. Cha kwanza ni lile bomba la fremu lililosimama wima, kuanzia penye pedeli hadi chini ya kiti. Cha pili ni kile chuma kinachoingia ndani ya bomba hilo na kubeba kiti juu yake. Cha kwanza ni sehemu ya fremu na hakitoki. Cha pili ni kipuri kinachouzwa peke yake. Fundi hapotei, kwa kuwa anaponena jina huwa amekishika kitu mkononi. Karatasi haina mkono.

Kwa sababu hiyo tunapendekeza majina mawili yaliyo mbali kwa sauti na kwa maana. Chuma kinachoingia na kubeba kiti kiitwe *nguzo ya kiti*. Bomba la fremu linaloipokea nguzo hiyo liitwe *bomba la kiti*. Tulifikiria neno *mhimili*, lakini limekwisha kubeba mizigo mingi katika hisabati, jiografia na siasa. Tulifikiria *mlingoti*, ambalo ni zuri na la kale, ila msomaji wa bara ambaye hajaona jahazi hana picha yake. Nguzo inajulikana na kila aliyejenga nyumba, nalo ndilo neno alilolitumia yule fundi wa Makere, bila kuombwa, alipokuwa akitueleza kisa cha mpasuko. Alisema, "Nguzo isiyochimbiwa huangusha nyumba." Tutalirudia neno lake.

Kuhusu kiti chenyewe, maneno matatu yanashindana. *Tandiko* linafaa kwa punda na farasi, na pia ni jina la matandiko ya kitandani. Likitumiwa kwa baiskeli huleta picha ya kitu kilichotandazwa. *Siti* limeenea sana katika mabasi na karakana, wala hatuoni sababu ya kulifukuza katika mazungumzo. *Kiti* ni neno la wote, la mtoto na la mzee, nalo huambatana vyema na majina ya sehemu nyingine. Katika maandishi tumechagua kiti.

2. Kiwango cha chini, au alama ya kina

Kwenye nguzo nyingi za kiti umechongwa mstari, au mistari midogo iliyopangwa, karibu na mwisho wa chini. Maana yake ni hii: nguzo iingizwe ndani ya bomba angalau kufikia hapo. Mstari ukionekana nje, nguzo imetolewa kupita kiasi. Waraka wa 4210 tulioutaja unataka alama hiyo isiwe karibu na mwisho wa chini wa nguzo kuliko mara mbili ya kipenyo chake. Nguzo yenye kipenyo cha milimita 25, kwa mfano, haina budi kuwa na alama iliyo angalau milimita 50 kutoka mwisho wake.

Sababu si ngumu. Kadiri nguzo inavyotoka nje ndivyo uzito wa mpandaji unavyopata wenzo mrefu wa kuisukuma huku na huku. Na kadiri sehemu iliyobaki ndani inavyokuwa fupi ndivyo nguvu hiyo inavyokusanyika mahali padogo, yaani kwenye mdomo wa bomba. Katika barabara ya makorongo, kila shimo ni pigo. Siku moja nguzo hupinda au hukatika, au mdomo wa bomba hupasuka.

Karatasi ya yule mkulima ililitafsiri jambo hili kwa maneno *kiwango cha chini cha kuingiza*. Neno kwa neno, tafsiri hiyo haina kosa. Tulimwonyesha mzee mmoja aliyekuwa akingoja tairi lake lizibwe, tukamwuliza, "Mzee, hapa pameandikwa kiwango cha chini. Wewe unaelewaje?"

Akajibu, "Ni kwamba hapa ndipo siti iko chini kabisa, mwanangu. Mtu mrefu ainyanyue kutoka hapo."

Jibu hilo ni kinyume kabisa cha maana iliyokusudiwa, na kosa si la mzee. Katika Kiswahili neno *chini* hutaja udogo wa kiasi, kama katika "kima cha chini cha mshahara", na pia hutaja mahali, kama katika "chini ya mti". Mahali ambapo kitu chenyewe hupanda na kushuka, msikiaji atashika maana ya mahali kwanza. Mtafsiri aliyeandika akiwa mezani alikuwa akifikiria kiasi. Msomaji aliyeshika kiti alikuwa akifikiria mahali.

Mkulima wetu naye alikuwa ameelewa hivyo hivyo. Fundi alipoichomoa nguzo tuliona mstari uliochongwa, na juu yake, nje ya bomba lilipokuwa likiishia, ulikuwa umebaki mng'ao wa chuma usio na kutu wala mikwaruzo. Hapakuwa na haja ya shahidi: kiti kilikuwa kimepandishwa kupita alama. Kwa hiyo hata kama muuzaji angekubali kwamba bomba ni fremu, angekuwa na sababu nyingine ya kukataa dai. Mkulima alikosa mara mbili, na mara zote mbili neno lilikuwa limemtangulia. Alilipia kuchomelea kwa fedha yake mwenyewe.

Tunapendekeza kiasi hicho kiitwe *kina cha lazima*, na mstari wenyewe uitwe *alama ya kina*. Kina ni neno la kisima, la mto na la shimo la nguzo. Halina utata wa juu na chini. Hata hivyo istilahi peke yake haitoshi. Panapochongwa au kubandikwa maneno juu ya chombo, mahali hapo pataka amri, wala si jina. Mtafsiri akipewa nafasi ya maneno matatu kwenye nguzo, aandike: ALAMA HII ISIONEKANE. Hapo hata aliyesahau istilahi zote atasalimika.

3. Kulegeza, kufungua na kukaza

Baada ya majina twende kwenye vitenzi, kwa maana karatasi za maelezo huenda kwa vitenzi. Hapa Kiswahili kina hazina nzuri ambayo watafsiri huisahau. *Kulegeza* nati ni kuizungusha kidogo ili isibane, bila kuitoa. *Kufungua* nati ni kuizungusha mpaka iachane na boliti. *Kukaza* ni kuibana. Karatasi nyingi hutumia *fungua* kwa yote mawili ya kwanza, na mpandaji aliyefungua nati za kiti zote mbili hujikuta ana vyuma vidogo sita au saba mavumbini, asijue kipi kilitangulia kipi. Vivyo hivyo *funga* halitoshi mahali pa *kaza*: nati yaweza kufungwa kwa vidole na bado isikazwe.

Ili kuonyesha vitenzi hivyo vikifanya kazi, tunatoa hapa maelezo kamili ya kurekebisha kiti cha baiskeli ya kawaida ya mizigo, kwa Kiswahili tunachokipendekeza. Mwalimu aweza kuyatumia darasani kama yalivyo.

(a) Shusha mzigo wote kutoka kwenye karia. Simamisha baiskeli mahali tambarare.

(b) Legeza boliti ya kibano, yaani ile inayobana mdomo wa bomba la kiti. Usiifungue.

(c) Shika kiti kwa mikono miwili. Kizungushe kidogo kulia na kushoto huku ukikivuta juu au ukikisukuma chini. Nguzo ikiwa imeganda kwa kutu, tia mafuta mdomoni mwa bomba na usubiri. Usiipige kwa nyundo.

(d) Keti, mwenzio akiishika baiskeli. Weka kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa. Mguu uwe umenyooka, na nyonga zisiinamie upande. Ukanyagapo baadaye kwa sehemu pana ya mbele ya wayo, goti litabaki limekunjika kidogo, na hivyo ndivyo itakiwavyo.

(e) Tazama nguzo. Alama ya kina isionekane. Ikionekana, kiti kimepanda mno: kishushe. Ikiwa kimo chako chataka kiti kipande zaidi ya hapo, tafuta nguzo ndefu zaidi yenye unene ule ule, au baiskeli yenye fremu kubwa zaidi.

(f) Elekeza pua ya kiti mbele, sambamba na fremu. Kaza boliti ya kibano.

(g) Ikiwa kiti kimeinama mbele au nyuma, legeza nati mbili zilizo chini yake, moja kila upande. Kisawazishe, kisha kaza nati hizo kwa zamu, kidogo kidogo.

(h) Shika pua ya kiti kwa mkono mmoja na sehemu ya nyuma kwa mkono mwingine. Jaribu kukizungusha na kukiinamisha kwa nguvu. Kisisogee hata kidogo. Rudia jaribio hili baada ya safari ya kwanza, kwa kuwa nati mpya hulegea.

Kiti kikiwa chini mno goti hukunjika kupita kiasi kila mzunguko, na mpandaji wa milimani ataona maumivu mbele ya goti. Kikiwa juu mno nyonga huyumba huku na huku, na miguu haifiki chini anaposimama ghafla. Anayejifunza, au anayebeba mzigo mzito, hufanya vyema kukishusha kidogo kuliko kipimo cha kisigino ili vidole vya miguu viguse ardhi.

Msomaji ataona kwamba kila sentensi ina amri moja au mbili, na kwamba katazo limewekwa kando ya amri inayohusika, halikutengwa mwishoni. Ndivyo mafundi wanavyofundishana.

4. Kurekebisha, kutengeneza na kubadili

Tatizo linalofuata ni la hatari zaidi, kwa sababu linaunganisha pande mbili za karatasi. Upande wa kwanza unamwagiza mnunuzi *kurekebisha* kiti. Upande wa pili, katika karatasi kadhaa tulizozisoma, unasema kwamba dhamana itakoma iwapo *marekebisho* yoyote yatafanywa. Msomaji mwaminifu ataogopa kugusa kiti chake. Msomaji mwenye akili ataona karatasi inajipinga. Na muuzaji mkali atapata mlango wa kutorokea.

Katika lugha ya asili maneno hayo yalikuwa mawili tofauti kabisa. La kwanza lilihusu kuweka sawa kitu kilichoundwa ili kiwekwe sawa. La pili lilihusu kugeuza umbo lake: kuchomelea, kukata, kutoboa, kuongeza. Kiswahili chetu cha ofisini kimezoea kutumia *marekebisho* kwa yote mawili. Hata sheria inapobadilishwa tunasema imefanyiwa marekebisho.

Huku nyanda za juu tofauti hiyo huonekana barabarani. Wabebaji wa mizigo huimarisha karia kwa vyuma vya ziada, huongeza mihimili kwenye uma wa mbele, na wengine huchomelea nguzo ya kiti ili irefuke. Kazi hizo zina maana yake, na nyingine zimefanywa kwa ustadi mkubwa. Lakini si za aina moja na kuinua kiti kwa spana. Kwa hiyo tunapendekeza mafungu matatu yasichanganywe. *Kurekebisha* kuwe kuweka sawa bila kugeuza kitu. Ndiko mafundi wanakokuita kuseti. *Kutengeneza* kuwe kukirudisha kitu kilichoharibika katika hali ya kufanya kazi. *Kubadili muundo* kuwe kugeuza umbo au uimara wa kitu kuliko alivyokiunda mtengenezaji. Karatasi ikisema "Dhamana itakoma iwapo muundo wa baiskeli utabadilishwa", kila mtu atajua amekatazwa nini na hakukatazwa nini.

5. Dhamana, waranti na sharti

Tumekuwa tukiandika *dhamana* kana kwamba neno hilo halina shida. Lina shida. Mtuhumiwa hutoka mahabusu kwa dhamana. Mkopaji huweka shamba dhamana. Benki Kuu huuza dhamana za Serikali. Kiongozi huambiwa kwamba cheo chake ni dhamana. Katika yote hayo kuna uzi mmoja: mtu ameweka kitu au neno lake ili mwingine atulize moyo. Kwa hiyo dhamana ya baiskeli si mgeni katika ukoo huo. Ni ndugu mdogo tu aliyekosa jina lake la pili.

Wengine wamependekeza *waranti* ili kuepuka utata. Hatukubaliani nao. Mtumishi wa umma aijuaye waranti ya usafiri, na askari aijuaye waranti ya kukamata, watakuwa wameongezewa maana ya tatu isiyohusiana na hizo mbili. *Garantii* nalo husikika madukani, ila halijatulia katika tahajia wala matamshi. Dhamana ibaki, lakini isitembee peke yake. Iandikwe *dhamana ya bidhaa* panapohusika kitu kizima, *dhamana ya fremu* panapohusika fremu, na *dhamana ya vipuri* panapohusika sehemu nyingine.

Hii ya mwisho yataka maelezo. Dhamana ya vipuri, kwa kawaida, maana yake ni kwamba kipuri chenye kasoro kitabadilishwa bila malipo. Haina maana kwamba kazi ya kukifunga nayo ni bure. Mnunuzi huenda akapewa nguzo mpya bure na bado akadaiwa *ujira wa fundi* pamoja na gharama ya kuisafirisha kutoka mjini. Karatasi iliyotafsiriwa vizuri hulitaja jambo hilo waziwazi. Isipolitaja, mnunuzi aulize kabla ya kulipa.

Mtafsiri wa sheria ajihadhari zaidi. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, imerithi kutoka sheria ya Kiingereza mgawanyo wa ahadi za mkataba katika mafungu mawili. La kwanza ni *sharti*: likivunjwa, mnunuzi ana haki ya kuikataa bidhaa. La pili ni ahadi ya pembeni, ambayo ikivunjwa mnunuzi hudai fidia tu, lakini hawezi kuirudisha bidhaa. Hilo la pili katika Kiingereza lina jina lile lile la karatasi ya dukani, nasi tumelitafsiri kwa neno lile lile, dhamana. Kumbe si kitu kimoja. Dhamana ya dukani ni ahadi ya ziada aliyoitoa mtengenezaji au muuzaji kwa hiari yake. Dhamana ya Sura ya 214 ni daraja la ahadi katika mkataba. Aidha Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu zinazohusu mikataba ya walaji na wajibu wa watengenezaji. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba karatasi ya dukani ikinyamaza, sheria nayo imenyamaza.

Tangu mwaka 2021, sheria ilipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, tofauti hii si ya wanataaluma tu. Tunapendekeza katika maandishi ya sheria neno dhamana lifasiliwe pale pale linapotumika kwa mara ya kwanza.

6. Kasoro, hitilafu, uharibifu na uchakavu

Madai mengi ya dhamana husimama au huanguka juu ya maneno manne, ambayo waandishi wetu huyabadilishana ovyo. *Kasoro* ni upungufu uliotoka kiwandani: weko lisiloshika, chuma chenye ufa, uzi wa nati uliokatwa vibaya. *Hitilafu* ni hali ya kutofanya kazi ipasavyo, bila kusema sababu. *Uharibifu* ni dhara lililofanywa na mtu au ajali. *Uchakavu* ni kupungua kwa kitu kwa sababu ya matumizi ya haki. Na kwa vipuri vinavyosuguana lugha ina kitenzi kizuri zaidi, *kulika*. Mipira ya breki, matairi na mnyororo hulika. Ndiyo kazi yake.

Dhamana kwa kawaida hufunika kasoro. Haifuniki uharibifu wala kulika. Mnunuzi hufika dukani na hitilafu, na swali ni kama hitilafu hiyo imetokana na kasoro, uharibifu au uchakavu. Mwandishi wa karatasi akisema "hatuhusiki na hitilafu", amefuta dhamana yote kwa neno moja, pengine bila kujua. Na mnunuzi akiandika katika barua yake "baiskeli imeharibika", amejishtaki mwenyewe. Aandike: "Imeonekana hitilafu, nami naamini imetokana na kasoro."

Ushauri mmoja wa vitendo kwa walimu wafundishao uandishi wa barua: barua ya madai itaje jina la kipuri, tarehe ya kununua, siku hitilafu ilipoonekana, na iambatishwe nakala ya risiti. Risiti za mashine hufifia upesi. Nakala itolewe mapema.

7. Orodha ya mapendekezo

Maneno yafuatayo ni mapendekezo, hayajasanifiwa:

Kiti: mahali pa kukalia mpandaji.
Pua ya kiti: sehemu nyembamba ya mbele ya kiti.
Nguzo ya kiti: chuma kinachobeba kiti na kuingia ndani ya fremu.
Bomba la kiti: bomba la fremu linaloipokea nguzo ya kiti.
Kibano: sehemu inayobana nguzo kwenye mdomo wa bomba.
Kina cha lazima: kiasi kidogo kabisa cha nguzo kinachopaswa kuwa ndani ya bomba.
Alama ya kina: mstari uonyeshao kina cha lazima.
Kulegeza: kupunguza mkazo wa nati bila kuitoa.
Kurekebisha: kuweka sawa bila kubadili muundo.
Kubadili muundo: kugeuza umbo au uimara wa kitu.
Dhamana ya vipuri: ahadi ya kubadilisha kipuri chenye kasoro katika muda uliotajwa.
Muda wa dhamana: kipindi ambacho dai laweza kupokewa.
Kasoro: upungufu uliotoka kiwandani.
Uchakavu wa kawaida: kupungua kwa kitu kwa matumizi ya haki.

8. Mwisho

Lugha yetu imepata istilahi zake nyingi kutoka kwa wataalamu, na nyingine kutoka lugha za nchi hii. *Ngeli* tumeipata kwa Wahaya, nayo haikosekani leo katika vitabu vya sarufi. Lakini liko chimbuko jingine ambalo hatulitembelei vya kutosha, nalo ni karakana. Neno *nguzo* halikutoka katika kamati. Lilikuwa tayari mdomoni mwa fundi, likiwa limebeba maana yote ya kina cha lazima ndani yake.

Tunawaomba watafsiri, walimu wa ufundi na maofisa wa biashara wayajaribu maneno haya mbele ya watumiaji wenyewe, kisha watuletee majibu. Njia ya kujaribu ni rahisi: mpe mtu karatasi na spana, usimweleze kitu, na umtazame anachokifanya. Akipandisha kiti hadi alama ionekane, neno letu limeshindwa, na tutatafuta jingine.